Hemingway: Msee aliyeanguka na ndege mara mbili wikendi moja, kisha akasoma tanzia zake akiwa Nairobi

Hebu fikiria hii. Jumamosi umeanguka na ndege msituni. Usiku mzima umelala nje, ndovu wakipita karibu. Jumapili unaokolewa, unapandishwa ndege nyingine ikutoe huko, na hiyo pia inaanguka na kushika moto. Ukifika mjini unapata magazeti ya dunia nzima yashatangaza kwamba umededi, na kuna watu washaanza kukulilia.

Hii si muvi. Ilifanyika hapa kwa majirani, Uganda, Januari 1954. Na msee aliyepitia hiyo noma alikuwa Ernest Hemingway, mmoja wa waandishi waliokuwa na jina kubwa zaidi duniani wakati huo.

Wengi wakikusimulia hii stori wanaishia hapo penye kicheko, jamaa kitandani Nairobi akisoma vile alikufa. Leo twende nayo mpaka mwisho, kwa sababu kuna kitu ndani yake kinakuhusu wewe, beshte yako, na yule jamaa wa mtaa wenu ambaye kila ukimuuliza anasema yuko fiti.

Alitoka wapi?

Hemingway alizaliwa 21 Julai 1899 huko Oak Park, karibu na Chicago, Marekani. Buda yake alikuwa daktari na mathe alikuwa mwimbaji na mwalimu wa muziki. Buda ndiye alimfunza kuvua samaki na kuwinda, familia ikienda likizo kaskazini mwa Michigan. Alipomaliza shule hakutaka mambo ya chuo. Akiwa na miaka 18 akaingia mboka ya uripota kwa gazeti la Kansas City Star. Pale alifunzwa kuandika sentensi fupi, zisizo na mapambo, na hiyo staili hakuiacha tena maisha yake yote.

1918 akajitosa kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alienda Italia kama dereva wa ambulensi ya Msalaba Mwekundu. Usiku mmoja wa Julai, wiki mbili kabla atimize miaka 19, bomu lililipuka karibu naye huko Fossalta. Miguu ikajaa vipande vya chuma. Alilala hospitali miezi kadhaa, akarudi kwao Marekani kama shujaa.

Weka hiyo akilini. Kijana wa miaka 18 anarushwa na bomu, anarudi nyumbani anashangiliwa, na hakuna anayemuuliza kichwa kiko aje. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Haikuwa ya mwisho.

Miaka ya 1920 aliishi Paris na bibi yake wa kwanza, Hadley. Vitabu viwili vikamtoa: The Sun Also Rises 1926 na A Farewell to Arms 1929. Hapo katikati, Desemba 1928, buda yake alijiua. Hemingway alibeba hilo jambo maisha yote. Lakini mbele ya watu alijulikana kama ndume wa ndume: ndondi, uwindaji, samaki wakubwa wa baharini, pombe, vita, wanawake. Alioa mara nne. Kila akiumia, alisimama, akacheka, akaagiza kinywaji kingine.

Kenya, raundi ya kwanza

Desemba 1933 alishuka meli Mombasa akiwa na bibi wa pili, Pauline. Hiyo safari haikuwa ya bei ya jioni. Ankoli ya Pauline ndiye aliyetoa pesa, dola 25,000 za wakati huo. Kutoka Nairobi walienda Machakos, kwa shamba la Philip Percival, mzungu aliyekuwa na jina kubwa kwa kazi ya kuongoza wawindaji. Halafu wakavuka mpaka kuingia Tanganyika, kwa tambarare za Serengeti.

Huko ndiko alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu. Hali ikawa mbaya, na hakukuwa na hospitali karibu. Ikabidi ndege ndogo iitwe. Ilimchukua Januari 1934, ikapitia Arusha na kandokando ya Kilimanjaro, mpaka Nairobi, akatibiwa akapona.

Ukishasikia hiyo, utaelewa stori yake ya The Snows of Kilimanjaro iliyotoka 1936. Ni kuhusu mwandishi amelala kambini huku kwetu na kidonda cha mguu kinachooza, akingoja ndege ije imwokoe. Hemingway alijua hiyo hali. Tofauti ni kwamba yeye, ndege ilifika kwa wakati.

Raundi ya pili

Rukia miaka 20 mbele. Hemingway sasa ni mzee wa miaka 54, ndevu nyeupe. Ameshakuwa kwa vita vya Hispania, ameripoti Vita vya Pili vya Dunia, anaishi Cuba na bibi wa nne, Mary Welsh. The Old Man and the Sea, kitabu chake cha 1952 kuhusu mvuvi mzee na samaki mkubwa, kimempa tuzo ya Pulitzer 1953. Kichwani ameshagongwa mara kadhaa: glasi ya paa ilimwangukia Paris 1928, ajali ya gari London 1944, kuanguka kwa boti yake 1950. Kila mara daktari alimwambia apumzike, na mara nyingi hakusikia.

Agosti 1953 akarudi Kenya. Percival, ambaye alikuwa ameshastaafu, akatoka shambani amwongoze tena. Walipiga kambi upande wa Kajiado, kisha Kimana karibu na Loitokitok, pale ambapo asubuhi ukifungua hema unaiona Kilimanjaro. Idara ya wanyamapori ikampa cheo cha heshima cha askari wa wanyama. Akanyoa kichwa, akajaribu kuwinda na mkuki, akawa anabonga Kiswahili chake cha kuokoteza na Wakamba waliokuwa wakifanya kazi kambini.

Lakini tusijidanganye, hiyo haikuwa Kenya ya raha kwa kila mtu. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Wakati Hemingway anapiga picha na chui kwa ajili ya jarida la Look, wasee wa Mau Mau walikuwa msituni na serikali ya mkoloni ilikuwa inawafungia watu kambini. Waruhiu Itote, yule tunamjua kama General China, alikamatwa 15 Januari 1954. Siku 6 baadaye, Hemingway na Mary walipanda ndege Nairobi kwenda kutalii.

Zawadi ya Krismasi

Hiyo safari ya ndege ilikuwa zawadi ya Krismasi kwa Mary. Ndege ilikuwa Cessna 180, kadogo, na ndani walikuwa watatu tu: Hemingway, Mary na rubani Roy Marsh. Waliondoka 21 Januari. Walipita juu ya Ngorongoro na Serengeti, wakateremka Mwanza kuongeza mafuta, wakaenda hadi Ziwa Kivu, Kongo, kisha wakageuka kuja Entebbe. Mary alikuwa dirishani na kamera.

Jumamosi, 23 Januari, wakaelekea maporomoko ya Murchison. Kama hujawahi kufika, hapo ndipo mto Nile wote unabanwa kwa mwanya wa mawe wenye upana wa mita kama 7 na kutumbukia chini zaidi ya mita 40. Marsh alizunguka juu yake zaidi ya mara moja ili Mary apate picha poa.

Kwa mzunguko mmoja likatokea kundi la kwarara, wale ndege wenye mdomo mrefu uliopinda. Marsh akashusha Cessna ghafla kuwahepa. Huko chini kulikuwa na waya wa telegrafu wa zamani, umeachwa tu hapo, hautumiki tena. Ndege ikaugonga. Propela na mkia vikaumia. Marsh akatafuta pa kuishukisha, akaiangusha kati ya vichaka, kilomita chache kutoka maporomokoni.

Wote watatu walitoka wazima. Mary alikuwa na mbavu zilizopasuka na akawa ameshtuka vibaya. Hemingway aliumia bega. Marsh akapiga redio kuomba msaada, na hakuna aliyejibu.

Usiku wa ndovu

Kando ya mto kulikuwa na mamba, kwa hivyo kulala huko ilikuwa kujipeleka. Walipanda mlima mdogo juu ya mto, wakabeba walichoweza kutoka kwa ndege, wakaokota kuni na kuwasha moto. Usiku ulikuwa baridi. Ndovu walikuwa wanazunguka karibu, na kila wakienda kutafuta kuni ilibidi waangalie vizuri nani yuko mbele.

Huku nje mambo yalikuwa tofauti. Ndege ya abiria ya shirika la BOAC ilipita, rubani akaona mabaki ya Cessna chini, na hakuona mtu yeyote akisonga. Akaripoti. Taarifa ikatoka Entebbe ikaenda London, ikafika New York, na magazeti yakaanza kuchapisha: Ernest Hemingway amekufa Afrika. Hakukuwa na simu ya mkononi ya kusema tulieni, niko hai. Dunia iliamini.

Asubuhi wakaona kitu cheupe mtoni. Boti! Ilikuwa imekodishwa na familia moja iliyokuja kutembea maporomokoni. Wakapiga kelele, wakapunga mikono, wakaonekana. Boti ikawachukua chini ya mto hadi Butiaba, kwa ufuo wa Ziwa Albert. Hiyo ilikuwa Jumapili jioni, na kwa kila hesabu yako na yangu, stori ilipaswa kuisha hapo.

Ndege ya pili

Butiaba walimkuta rubani mwingine, Reggie Cartwright, ambaye alikuwa ameshinda angani siku nzima akiwatafuta. Alikuwa na de Havilland Rapide, ndege ya zamani ya mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na chini, injini mbili. Mpango ulikuwa awafikishe Entebbe usiku huo huo. Jua linazama, uwanja ni wa matuta na mashimo, lakini wakakubali kupanda. Nani hangetaka kufika?

Ndege ikakimbia, ikaruka kidogo, ikarudi chini, ikaruka tena, kisha ikajipiga chini na kusimama. Moto ukashika papo hapo. Marsh alivunja dirisha kwa teke, akapita na kumvuta Mary nje. Hemingway alikuwa mtu wa mwili mkubwa, hilo dirisha halingempitisha. Mlango ulikuwa umejipinda na kukwama. Bega moja lilikuwa tayari limeumia kutoka jana. Kwa hivyo akatumia kile kilichobaki. Aliugonga mlango kwa kichwa chake mpaka ukafunguka.

Wote wanne, pamoja na Cartwright, walitoka hai. Nyuma yao ndege iliteketea, na pasipoti, kamera na pesa zikaenda nayo.

Sasa sikiza orodha ya vile aliumia, kwa sababu hapa ndipo stori inageuka. Fuvu lilipasuka, na maji ya ubongo yakawa yanavuja. Ini, wengu na figo moja viliumia ndani. Pingili za uti wa mgongo zilibanwa. Jicho la kushoto likapoteza kuona kwa muda, sikio la kushoto likapoteza kusikia. Aliungua usoni, mikononi na kichwani.

Na unajua alifanya nini? Alipelekwa kwa gari hadi Masindi, akalala hotelini. Kesho yake akasafirishwa Entebbe, na alipokutana na waandishi wa habari akawachekesha, akijigamba kuhusu bahati yake. Picha zikapigwa. Dunia ikashusha pumzi: mzee hafi! Hiyo ndiyo habari iliyosambaa, na ilikuwa tamu kuliko ile ya kwanza.

Nairobi, kitandani

Alirudi Nairobi, kwa hoteli ya New Stanley, ile ile unapita ukiwa tao. Hapo kitandani akaanza kuletewa magazeti kutoka kila pembe, yote yakieleza vile alikufa na vile alikuwa mtu mkubwa. Alizisoma tanzia zake moja moja, akazikusanya, akazifurahia. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ni watu wangapi duniani wamepata nafasi ya kujua watasemwa aje?

Lakini Mary aliona vitu ambavyo waandishi hawakuviona. Hasira za ghafla. Maumivu yasiyoisha. Mtu wa pombe nyingi sasa anakunywa zaidi ili apate usingizi. Badala ya kukaa hospitali miezi, Februari akaenda Shimoni, kule Pwani ya kusini, kuungana na mwanawe Patrick kwa uvuvi. Huko moto wa vichaka ukazuka karibu na kambi. Hemingway, ambaye hata kusimama ilikuwa kazi, akaenda kusaidia kuuzima. Akaanguka ndani yake. Akaungua miguu, tumbo, kifua, midomo na mikono.

Mara tatu kwa mwezi mmoja hivi. Na bado jibu lilikuwa lile lile, yuko fiti.

Tuzo aliyoshindwa kuifuata

Oktoba 1954 Sweden ikatangaza: tuzo ya Nobel ya fasihi ni ya Hemingway. Hiyo ndiyo kilele cha kazi ya mwandishi yeyote. Desemba watu walipoketi Stockholm kwa sherehe, mwenyewe hakuwepo. Mwili haukuweza hiyo safari. Alibaki Cuba, na hotuba yake ikasomwa na balozi wa Marekani.

Alijaribu kuandika kitabu kuhusu ile safari ya Kenya. Aliandika kurasa nyingi sana, hakumaliza. Patrick, ambaye aliishi Tanganyika miaka mingi, ndiye alikuja kuzipunguza na kuzichapisha 1999 kwa jina True at First Light.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya kushuka mos mos. Sentensi ambazo zilikuwa zinamjia kama maji zikaanza kugoma. Akaanza kuona kwamba anafuatwa. Kumbukumbu ikapotea. 1960 alilazwa kliniki ya Mayo, Minnesota, akatibiwa kwa mishtuko ya umeme. Asubuhi ya 2 Julai 1961, nyumbani kwake Ketchum, Idaho, alijiua. Alikuwa amebakisha siku 19 afikishe miaka 62.

Familia yake mwanzoni ilisema ilikuwa ajali. Baadaye Mary alikubali ukweli.

Hakuna sababu moja ya kifo kama hicho, na asikudanganye mtu. Buda yake alipitia njia hiyo hiyo, na ndugu zake wengine wawili wakaifuata baadaye. Pombe ilikuwepo. Lakini 2017 daktari wa akili Mmarekani, Andrew Farah, alitoa kitabu kizima akieleza kwamba kichwa kilichogongwa tena na tena, kuanzia bomu la 1918 hadi mlango wa Butiaba, kilichangia sana kuuharibu ubongo wa Hemingway. Wakati ule hakuna aliyehesabu. Kidonda cha mguu kinaonekana, kinafungwa bendeji. Cha ndani ya kichwa hakionekani, na mwenyewe akicheka, basi wote wanacheka naye.

Kwa nini nimekuambia hii

Kwa sababu hauhitaji ndege kuangukia hiyo hali. Unamjua msee aliyeanguka na nduthi, akapangusa vumbi na kurudi steji siku hiyo hiyo. Unamjua beki aliyegongwa kichwa uwanjani, akamwagiwa maji na kurudi kucheza. Wanasifiwa kwa kuwa wagumu. Miezi ikipita unasikia jamaa amebadilika, ana hasira, halali, anakunywa sana, ameacha kuokota simu. Watu wanasema amejishaua.

Kuokolewa Murchison ilichukua usiku mmoja na boti moja. Kuokolewa kutoka kile kilichobaki ndani ya kichwa chake hakukuja. Magazeti ya 1954 hayakukosea kila kitu, yalikosea tarehe tu.

Kwa hivyo kama umegongwa kichwa, enda uangaliwe, hata kama unatembea, hata kama unacheka. Na kama kuna mtu wako alitoka kwa ajali mzima na sasa hakai kama yeye, usimwache na lile jibu la kwanza. Rudi kesho umuulize tena.